Kabla ya kikombe: kinachokungoja kwenye kambi ya ayawaska Peru

Kambi nzuri ya ayawaska, kinywaji cha maono cha waganga wa msitu wa Amazoni, huijui kwa picha za machweo juu ya mto, wala kwa bei. Unaijua kwa fomu inayokutumia kabla hujalipa. Kama fomu inataka jina, namba ya pasipoti na vyakula usivyokula tu, basi hao wanauza vitanda. Fomu ya watu wanaojua kazi inauliza dawa zote unazomeza, hata ile ya kikohozi uliyonunua wiki jana bila cheti. Inauliza presha, moyo, kifafa, ujauzito. Inauliza kama wewe au ndugu yako wa damu aliwahi kuugua akili mpaka akawa anasikia sauti. Halafu mtu anakupigia kuuliza yaleyale tena. Usiione kero. Wanaokwama kwenye safari hizi, wengi walishakwama kabla hata ya kupanda ndege.

Sababu iko chunguni. Ayawaska (kwa tahajia ya Kihispania, ayahuasca, kwa Kikechua aya ni roho au maiti, waska ni kamba) huchemshwa kwa mimea miwili: mtambaa wa msituni, Banisteriopsis caapi, uliopondwapondwa, na majani ya chakruna, Psychotria viridis. Majani yana DMT, kemikali inayoleta maono. Ukiyala peke yake hayakufanyi kitu, kwa sababu kimeng'enya kiitwacho MAO kilichomo kwenye utumbo na ini huivunja DMT kabla haijafika kichwani. Mtambaa nao una harmini na harmalini, ambazo hukifunga mikono kimeng'enya hicho kwa saa kadhaa. Mlango ukaachwa wazi, DMT ikapita.

Tatizo ni kwamba kimeng'enya hichohicho ndicho kinachopunguza serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye neva, mwilini. Ukiwa unatumia dawa za sonona zinazoongeza serotonini, kama sertralini au fluoksetini, halafu ukakifunga, serotonini inaweza kupanda kuliko mwili unavyohimili. Dalili zake ni kutetemeka, misuli kukakamaa hasa miguuni na tayani, jasho jingi, homa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Mtu anaweza kufa. Tramadoli, dawa ya maumivu, iko kwenye kundi hilo la hatari, dawa za kikohozi zenye dekstromethofani zimo, dawa za kufungua pua zenye pseudoefedrini hupandisha presha, na litiamu, dawa ya kutuliza hisia, imehusishwa na degedege. Kokeni na amfetamini wala tusizijadili.

Na hapa ndipo kosa baya zaidi hufanyika: mtu anasoma mtandaoni, anaacha vidonge vyake siku tano kabla ya safari, anajiona amejiandaa. Dawa nyingi za sonona zinahitaji angalau wiki 2 kutoka mwilini, na fluoksetini inahitaji wiki 5 au 6. Isitoshe, kuziacha ghafla kunaweza kuurudisha ugonjwa ukiwa mkali kuliko mwanzo. Anayekupangia kupunguza ni daktari wako, polepole, na akisema usiache, huendi. Mwenye historia ya skizofrenia au baipola, magonjwa ya akili, asiende kabisa. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa au kifafa, vilevile. Mganga mwenye msimamo atamrudisha mtu wa namna hiyo hata kama ameshafika na begi mgongoni.

Wanaokwenda Peru hufikia zaidi miji miwili. Iquitos huwezi kuifikia kwa barabara kutoka Lima. Utapanda ndege, au meli ya mtoni kwa siku kadhaa. Barabara pekee inayotoka hapo huishia Nauta, kama kilomita 100, na kambi nyingi zimejipanga kando yake au ndani zaidi kwenye mito. Pucallpa, kando ya mto Ucayali, inafikika kwa basi. Huko ni nyumbani kwa Washipibo-Konibo, ambao waganga wao huitwa onanya. Kwa vyovyote vile, kipande cha mwisho huwa ni bajaji, kisha mtumbwi wa injini ndogo uitwao peke-peke kwa mlio wake, na pengine mwendo wa miguu kwenye tope. Kwa hiyo uliza kabla hujalipa: usiku wa manane mtu akizidiwa, anafikaje hospitali, na ni mwendo wa saa ngapi? Jibu la "haijawahi kutokea" si jibu. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya manjano na kinga ya malaria. Loreto, mkoa wa Iquitos, una malaria ya kweli.

Mwaka 2008 Peru ilitangaza maarifa na matumizi ya kimila ya ayawaska miongoni mwa jamii za asili za Amazoni kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni wa taifa. Ni halali huko, na ni heshima iliyostahili. Ila heshima hiyo imepewa mila. Haimkagui mtu aliyefungua kambi juzi.

Kabla ya kikombe kuna mwiko. Wenyewe huuita dieta, lakini neno letu la mwiko lina maana iliyo karibu zaidi, kwa kuwa si chakula tu kinachokatazwa. Kwa wiki moja au mbili kabla, unaacha pombe, nyama ya nguruwe, pilipili, vyakula vilivyochachushwa au kukaa muda mrefu kama jibini kavu na soseji, na unaacha tendo la ndoa. Jibini na soseji zina tiramini, ambayo MAO ikifungwa hupandisha presha. Hatari ya harmini hapa ni ndogo kuliko ya vidonge vya hospitali vya kundi hilo, lakini hakuna sababu ya kuijaribu. Nguruwe na tendo la ndoa vina maelezo ya kiganga, na ukiwa mgeni ni vyema kuyafuata bila ubishi.

Ukiwa kambini, sahani inazidi kuwa tupu: ndizi za kuchemsha au kuchoma, wali, samaki wa mtoni kama boquichico, bila chumvi, bila sukari, bila mafuta. Siku ya tatu kila kitu kina ladha ya maji. Kwenye joto lile unatoka jasho mchana kutwa na chumvi hairudi, kwa hiyo kizunguzungu cha kusimama ghafla ni cha kawaida. Inuka kwa hatua mbili: kaa kwanza, kisha simama. Ukizimia, au moyo ukaanza kurukaruka, sema. Mwiko haukusudiwi kukuua.

Sasa usiku wenyewe. Chakula cha mwisho ni mchana. Mara giza likiingia mnakusanyika kwenye maloka, banda kubwa la mviringo la mbao na makuti, neti zikizunguka ukuta. Magodoro yamepangwa miguu ikielekea katikati, na pembeni ya kila godoro kuna ndoo, karatasi za chooni na chupa ya maji. Ongeza tochi ya mwanga mwekundu na shuka, maana msitu ule wenye joto la kunata hupoa usiku wakati mwili wako nao unatetemeka. Vaa suruali ya kamba au lastiki. Mkanda wenye kifungo ni adui wa mtu anayekimbilia choo gizani.

Dawa, yaani ayawaska yenyewe, mara nyingi huja kwenye chupa ya plastiki iliyowahi kuwa ya soda. Mganga anaifungua taratibu gesi itoke, anapuliza ndani moshi wa mapacho, tumbaku kali ya kienyeji, ananong'ona wimbo. Mnaitwa mmojammoja. Kikombe ni kidogo, na rangi ni ya kahawia iliyoiva. Uchungu wake si wa mwarobaini tu. Una uchachu, na uzito wa uji ulioungulia sufuriani. Usiuonje. Nywa kwa mkupuo, sukutua, tema. Mililita hazikwambii kitu, kwani kila chungu kina nguvu yake: nusu kikombe cha jana kinaweza kuzidi kikombe kizima cha wiki iliyopita. Usiku wa kwanza omba kidogo. Hakuna anayekuhesabia ushujaa.

Mishumaa inazimwa, na kinachofuata ni kungoja. Dakika 20, dakika 40, wakati mwingine saa nzima, hakuna kinachosikika isipokuwa vyura na mtu anayejigeuza kwenye godoro. Wanaoharibikiwa hapa ni wale wasio na subira: wanaamua dawa haijashika, wanaomba kikombe cha pili, na dakika kumi baadaye cha kwanza kinawasili. Kama hujafikisha saa moja na nusu, kaa. Dalili za mwanzo ni ndogo mno: miayo isiyoisha, ubaridi, ganzi kwenye midomo, mistari inayotembea ukifumba macho. Kilele huja kati ya saa ya kwanza na ya pili, na yote kwa pamoja huchukua saa 4 hadi 6.

Kutapika ni sehemu ya kazi, na waganga huita jambo hilo kusafisha. Jambo moja la kushika: kaa. Usitapike ukiwa chali, kwa sababu mtu aliyelegea akipaliwa na matapishi hana nguvu ya kujigeuza. Kazi halisi ya wahudumu wasiokunywa ni hiyo, kupita na kuona hakuna aliyelala chali, na ndiyo maana inafaa kuuliza kabla ni wangapi. Mmoja kwa watu 15 ni mchezo. Kuhara nako kupo, na usiku ule usiamini upepo wowote. Wengine hawatapiki kabisa. Hulia, hutetemeka, hupiga miayo. Usijitie kidole kooni.

Kisha nyimbo. Zinaitwa ikaro, na kwa Washipibo ndizo zinazobeba kazi, dawa ni kama mlango tu. Mganga anakuja mbele ya godoro lako, anakuimbia wewe peke yako, akimaliza anapuliza moshi utosini na kwenye viganja, au anakupaka agua de florida, manukato ya maua na limau. Keti wima ukiweza. Usimguse jirani, usimbembeleze hata akilia. Kumgusa mtu aliye ndani ya hali ile kunaweza kumtisha kuliko kile anachokiona.

Hofu ya "nakufa" huwapata wengi. Fumbua macho, keti, pumua nje polepole kuliko unavyovuta, weka kiganja sakafuni, mwite mhudumu. Kuna wasioona lolote usiku wa kwanza na wakaamka na kinyongo kana kwamba wameibiwa. Ni kawaida. Kambi ya wiki moja huwa na usiku 3 au 4 wa dawa, mara nyingi kwa kupishanisha, na asubuhi yake kuna mazungumzo na mganga. Hakikisha kuna mkalimani anayejua Kishipibo, si Kihispania peke yake, la sivyo sentensi tano za mzee zinakufikia zikiwa "anasema uko sawa".

Kuna nyongeza za kukataa. Ya kwanza ni toé, mmea wa Brugmansia wenye maua marefu, ambao wapishi wengine hutia majani yake chunguni ili wageni waone mambo makubwa. Yana sumu ya skopolamini. Ukiona mdomo umekauka kama mchanga, mkojo hautoki, na mtu anazungumza kwa utulivu na watu wasiokuwepo hadi kesho yake mchana, hiyo si ayawaska, anahitaji daktari. Uliza waziwazi: "Mnatia toé?" Ya pili ni matapisho ya mchaichai, ambapo mnakunywa lita kadhaa za maji ya mchaichai mpaka mtapike. Maji mengi kwa haraka hupunguza sodiamu kwenye damu, na wewe tayari huli chumvi. Kambo, sumu ya chura Phyllomedusa bicolor inayopakwa kwenye ngozi iliyochomwa, ina hatari hiyohiyo ya maji na si sehemu ya ayawaska hata kidogo, ingawa kambi nyingi huziuza pamoja.

Na hili lisemwe bila kuzungusha, hasa kwa wanawake: wapo waganga na wahudumu waliowadhalilisha wageni kingono wakisingizia uponyaji. Hakuna ikaro inayohitaji uvue nguo. Hakuna tiba ya faragha gizani na mganga peke yake. Nenda na mtu unayemwamini, uliza kama kuna mhudumu mwanamke, na kikikutia shaka kitu, ondoka mchana hata kama fedha hazirudi.

Mwiko hufunguliwa asubuhi, mara nyingi kwa ndimu, chumvi, kitunguu na pilipili kidogo, na ile punje ya kwanza ya chumvi hupiga ulimi kama umeme. Usikimbilie bia ya Iquitos mchana huo. Pombe, nguruwe na tendo la ndoa huendelea kukatazwa kwa wiki moja au zaidi kulingana na mganga. Vidonge vya sonona havirudishwi bila daktari kukupa tarehe. Usingizi utakuwa mwepesi siku chache, machozi yatakuwa karibu. Usiandike barua ya kuacha kazi wala ya talaka mwezi huo.

Mtu atakupa chupa ndogo ya kuondoka nayo, kwa moyo mweupe kabisa. Mshukuru, mrudishie. DMT imo kwenye Jedwali la Kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na afisa wa forodha atakayeifungua hatasikia ikaro yoyote, atanusa tu kitu cheusi kilichochachuka.