Kugandisha uloto bila kuua seli

Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ianze kupandikiza uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa wagonjwa wa selimundu, swali halikomi: uloto wa ndugu si ugandishwe, uwekwe akiba? Inawezekana, ila mara nyingi hupewa mgonjwa ungali mbichi, maana kila mgandisho hula sehemu ya seli.

Mfugaji wa Kongwa au Mpwapwa anaujua mtungi wa kuhifadhia, ule anaokuja nao mtaalamu wa uhimilishaji, una naitrojeni ya kimiminika ya nyuzi -196. Seli zikishafika huko hukaa miaka. Zinafia njiani, hasa kati ya nyuzi -15 na -60. Ukienda mbio, maji hayawahi kutoka ndani ya seli, yanageuka barafu humo humo. Ukijivuta, yanatoka kupita kiasi na seli inasinyaa kwenye chumvi kali. Kwa uloto, shusha nyuzi 1 kwa dakika.

Kinga ya seli wakati wa kugandishwa ni DMSO, kemikali ya majimaji, asilimia 10 ya mchanganyiko wote. Ichanganye kwanza na albumini, protini ya damu iliyo kwenye maji, kisha uipoze, kwa sababu ikikutana na maji inatoa joto. Shika chupa utalisikia. Ndipo uidondoshe kwenye seli tone kwa tone huku ukitikisa. Ikishaingia hakuna kupiga soga, kwani seli zikiwa na joto DMSO ni sumu kwazo.

Vichupa vyenye seli vikae kwenye mvuke, juu ya naitrojeni. Kilichozama na kifuniko kikiwa legevu hunywa naitrojeni, na siku ya kukiyeyusha hulipuka usoni.

Kina cha naitrojeni mtungini hupimwa kwa fimbo ya mbao. Ichovye hadi chini sekunde chache, itoe, ipunge: weupe wa barafu unaishia naitrojeni ilipoishia. Kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu, weupe huchelewa kidogo, usikimbilie kusema mtungi ni mtupu. Bomba lenye tundu usithubutu, naitrojeni itaruka kupitia humo. Madirisha yawe wazi pia: lita 1 ikivukizwa inakuwa karibu lita 700 za gesi isiyo na harufu, inayosukuma nje oksijeni.

Kuyeyusha ndiko kwa haraka. Maji ya nyuzi 37, na utoe kikiwa kimebaki kipande kidogo cha barafu. Ndugu waambiwe mapema kwamba pumzi ya mgonjwa itanuka kama kitunguu saumu. Ni DMSO inatoka.