Hatimaye mstari umelala

Jana saa sita usiku nilipiga kelele za furaha peke yangu chumbani. Wiki tatu nahangaika na amplifaya (saketi ya kukuza umeme mdogo) ya hadubini yangu ya STM, hadubini ya kuonea atomu, ile ambayo ncha ya waya husogezwa karibu na grafiti mpaka elektroni zivuke pengo bila vitu hivyo viwili kugusana. Mkondo wenyewe ni kama nanoampia 1 tu! Ukipita kwenye rezista ya megaomu 100 napata volti 0.1, basi.

Shida ni kwamba osiloskopu, kile kifaa kinachochora umeme kama mstari kwenye skrini, ilionyesha mkondo hata ncha ikiwa mbali kabisa, na juu yake wimbi la hezi 50 la umeme wa nyumbani. Nimebadilisha chipu mara mbili, wapi. Mwisho nikaikagua bodi kwa lenzi: utando mwembamba wa rangi ya asali, masalia ya dawa ya lehemu, umetanda katikati ya miguu ya rezista. Kwenye redio hausumbui. Hapa umeme unavujia humo humo. Nikasugua kwa mswaki na spiriti, nikaunga mguu wa chipu wa kuingizia mkondo hewani usiguse bodi, nikafunika yote kwa kopo la maziwa lililounganishwa na ethi, na mstari kwenye skrini ukalala.

Wanafizikia Binnig na Rohrer waliifanikisha hadubini ya STM mwaka 1981 kwenye maabara ya IBM karibu na Zurich, wakapata Nobel 1986. Mimi ncha yangu itasogezwa na kisahani cha baza (kile cha kutoa mlio, ambacho hujikunja kidogo ukikipa umeme) nilichokigawa robo nne. Pengo likibadilika nanomita 0.1, mkondo hubadilika karibu mara kumi. Kesho naisogeza.