Nabishana na watu mtandaoni, na bado tunasalimiana

Siungi mkono kumchapa mtoto, na sioni siku nitakayobadili msimamo huo. Natanguliza hilo kwa sababu watu wakiniuliza nawezaje kukaa kwenye makundi ya wazazi yenye mabishano makali bila kutukanana na mtu, wengi hudhani siri ni kutokuwa na msimamo. Msimamo ninao, tena naumia nikisoma mtu anasifia fimbo. Nilichopaswa kujifunza ni namna ya kuandika nikiwa nimeumia.

Nilisaidika sana nilipoelewa kwa nini maandishi yanapandisha watu jazba upesi hivyo. Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza sababu zinazofanya mtu mpole kabisa awe mkali akiwa mtandaoni: haonekani, pengine hajulikani, anaweza kurusha neno akaondoka bila kungoja jibu. Sababu moja kati ya alizozitaja ilinigusa kuliko zote. Tunaposoma maneno ya mtu tusiyemsikia, sauti yake tunaitunga wenyewe kichwani. Siku niliyochoka, kila komenti inasomeka kwa sauti ya dharau, kumbe mwenyewe aliandika akitabasamu.

Mwaka uliofuata, Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio ambayo watu walitumiana sentensi, nyingine za kejeli na nyingine za kweli. Waandishi waliamini wasomaji wao wangetambua ipi ni ipi kwa karibu asilimia 80. Kwa barua pepe wasomaji walipatia asilimia 56, yaani hawakuzidi sana kubahatisha. Ndiyo maana kejeli siitumii kabisa na mtu tunayetofautiana, hata ile ya utani. Na komenti ikinichoma, naisoma kwa sauti, nikiigiza sauti ya mtu ninayempenda, halafu naangalia kama bado inachoma. Mara nyingi makali yanapungua. Yasipopungua, basi najua kweli maneno ni makali.

Nitoe mfano mmoja. Kwenye kundi letu yumo mwalimu mstaafu, mtu wa heshima, anayeamini kabisa kwamba kiboko kinalea. Siku moja mada ilipopamba moto alinijibu hivi mbele ya kundi zima: "Nyinyi mnaolea kwa kubembeleza ndio mnaotuletea vijana wasio na adabu. Hujawahi kusimama mbele ya darasa, huwezi kujua."

Jibu lililonijia la kwanza nililiandika pembeni, kwenye daftari la simu, mahali ambapo haliwezi kutumwa kwa bahati mbaya. Lilisema kwamba kumpiga mtoto ni udhaifu wa mtu mzima aliyeishiwa maneno. Mpaka leo naamini kuna ukweli humo. Lakini nililitazama nikajiuliza: akilisoma, atakuwa na la kufanya gani zaidi ya kujitetea? Sentensi ile ingemfunga mdomo au ingemtoa povu. Isingemfanya afikiri.

Anatol Rapoport, mwanahisabati aliyejishughulisha sana na migogoro, alishauri kwamba kabla ya kumpinga mtu, umwelezee kwanza hoja yake mwenyewe mpaka aridhike kwamba umemwelewa. Ushauri huu ni mgumu kuliko unavyosikika, kwa sababu inabidi hoja unayoichukia uiweke vizuri, pengine vizuri kuliko mwenyewe alivyoiweka. Nilimwandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa hivi: umeona kwa macho yako watoto walioachwa wafanye watakavyo wakaharibikiwa, na wazazi wao hawakusema neno. Unahofia kwamba fimbo ikiondoka, hakuna kitakachokaa mahali pake. Ni hivyo, au kuna nilichoacha?"

Alijibu: "Marahaba. Ni hivyo, ila umeacha moja. Wazazi wenyewe ndio walikuwa wanakuja shuleni kuniambia, mwalimu mchape huyu, mimi amenishinda."

Jambo hilo sikulijua, na lisingetoka kwa njia nyingine. Kumbe tulikuwa hatubishani juu ya fimbo peke yake. Tulikuwa tunazungumza habari ya mwalimu aliyebebeshwa mzigo wa nyumba za watu, na mzazi aliyechoka asiyejua pa kwenda. Humo tulikuwa na mengi ya kukubaliana, nami nikayataja kabla ya kurudi kwenye tofauti yetu.

Tulirudi, tena kwa nguvu. Nilimletea uchambuzi wa mwaka 2016 wa Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, uliounganisha tafiti zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, ambao ulikuta kuchapwa kunaambatana na ukorofi zaidi na matatizo zaidi ya akili, si kinyume chake. Mwalimu akauliza: mnajuaje kwamba si watoto wakorofi ndio wanaochapwa zaidi? Nikamwambia mbele ya wote kwamba hilo ni swali zuri, na kwamba watafiti nao wamelihangaikia, ndiyo maana baadhi ya tafiti huwafuatilia watoto walewale kwa miaka na kuzingatia ukorofi waliokuwa nao tangu mwanzo. Hakukubali. Lakini aliniuliza zaidi, na wazazi waliokuwa kimya wakaanza kuandika.

Kumsifu mtu kwa hoja yake nzuri anapokupinga hakugharimu kitu, na bado ni nadra mno kuona mtu akifanya hivyo. Mimi ningependa tulizoee hilo zaidi ya kitu kingine chochote.

Kuhusu muda: mwaka 1995, intaneti ikiwa bado ni ya wachache, ulitolewa mwongozo wa adabu za mtandaoni ulioshauri kwamba jibu lenye hisia kali lingoje usiku upite. Sioni ushauri uliouzidi. Simu zinatufanya tudhani kila ujumbe unadai jibu papo hapo, wakati hakuna aliyetuwekea saa. Nikichelewa naandika tu, "Nimeona, nitajibu kesho nikitulia," na sijaona mtu aliyekasirishwa na hilo.

Kuna mambo siyavumilii, na nisingependa upole uchanganywe na kunyamazia kila kitu. Mtu akimtukana mwingine kwa kabila lake, dini yake au ulemavu wake, namwambia waziwazi kwamba amevuka mpaka, namwita admini, na mada inaishia hapo kwangu. Aliyekuja kutafuta vurugu namjibu mara moja, kwa ajili ya wanaosoma, kisha simrudii. Lakini aliyekosea takwimu au jina namfuata inboksi. Kumsahihisha mtu hadharani juu ya jambo dogo kunamfanya alitetee kosa ambalo angeliacha kirahisi mkiwa wawili.

Naamini kazi hii inafaa kwa sababu nimeona mfano mkubwa kuliko wangu. Megan Phelps-Roper alikulia katika kanisa la Westboro Baptist huko Marekani, lililojulikana kwa mabango ya chuki, hata kwenye mazishi. Yeye ndiye aliyelitangaza kanisa hilo Twitter. Wengi walimtukana. Wachache walimuuliza maswali kwa upole, akiwemo David Abitbol, Myahudi aliyemwonyesha kwamba bango la kutaka mashoga wauawe lilipingana na maneno ya Yesu kuhusu asiye na dhambi kuwa wa kwanza kurusha jiwe. Mwaka 2012 alitoka kanisani, na tangu hapo ameeleza mara nyingi kwamba mazungumzo yale ndiyo yaliyomfungua macho. Abitbol hakumficha kwamba alimwona amepotoka. Alibishana naye, ila alibishana naye kama mtu.

Hata hivyo sibishani ili nimgeuze mtu. Ukimfanya binadamu mradi wako atalihisi hilo mapema sana, na ana haki ya kuchukia.

Linalobaki gumu kwangu ni kujua pa kuachia. Dalili ninayoitegemea ni pale ninapojikuta nakusanya skrinishoti za aliyoyasema zamani. Nikifika hapo nimeshaacha mada, nashughulika na mtu. Basi naandika, "Naishia hapa kwa leo. Ulilosema kuhusu wazazi waliochoka nimelichukua, la fimbo bado hatujaelewana," na neno la mwisho namwachia yeye. Wengine hulitumia kunichapa kidogo. Wengine, wakishaona hakuna tena anayewashindania, huandika jambo ambalo walikuwa wamelizuia muda wote tulipokuwa tunavutana.