Binti Yangu na Karate: Tulivyoamua Aanze Lini

Mume wangu alitaka Nuru aanze karate akiwa na miaka minne. Binamu yake anayeishi Kanada alimtumia video ya mwanawe wa umri huohuo, kavaa suti nyeupe na mkanda wa rangi, anarusha teke huku watu wazima wakishangilia. Tangu siku ile ikawa wimbo. Mimi sikuwa na ugomvi na karate yenyewe. Nilichotaka kujua ni mtoto wa miaka minne anafundishwa nini hasa mle ndani, maana huyu wa kwangu wakati ule hata ndala alikuwa bado anazivaa kinyume.

Mahali pa kwanza tulipokwenda palikuwa darasa la jioni kwenye chekechea moja isiyo mbali na kwetu Sinza. Watoto walikimbia, wakaruka vikoni vya plastiki, wakapiga kelele za "kiai" mpaka wakachoka, basi. Kila muhula kuna mtihani, kila mtihani una ada, na kila ada inaleta mkanda mpya. Nilimwona mtoto wa miaka mitano amefunga mkanda wa kijani, na mwalimu alipowaambia watangulize mguu wa kulia, akageuka kumtazama mwenzake kwanza. Sikatai, walifurahi kweli. Lakini kukimbia na kuruka Nuru alikuwa anakupata uani kwetu kila siku kwa kombolela na rede, na hakuna aliyekuja kunidai hela ya mtihani.

Nikaanza kuulizia watu. Dar haina uhaba wa wanaoijua karate. Goju-ryu, mmoja wa mitindo ya karate, ilianza kufundishwa hapa miaka ya 1970 na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyekuwa na dojo yake, yaani ukumbi wa mazoezi, pale sekondari ya Zanaki, na ukiuliza kidogo tu hukosi mtu aliyepitia mikononi mwa wanafunzi wake. Mimi nilielekezwa kwa mwalimu mmoja wa makamo anayefundisha kwenye ukumbi upande wa Kijitonyama. Nilipompigia simu nilikuwa nimejiandaa kuulizwa umri wa mtoto. Hakuuliza umri. Aliuliza, "Akiambiwa aache, anaacha?"

Nikamjibu inategemea nani kamwambia. Akacheka, akasema mlete tumwone.

Kwa sababu ya safari, shule na mambo mengine, tulifika pale Nuru akiwa anakaribia miaka sita. Sakafu ya saruji, katikati wametandika mikeka ya sponji ile ya kupachikana, viatu vyote vimepangwa mlangoni. Nilipouliza kama mzazi anaruhusiwa kubaki, sensei, ndivyo wanavyomwita mwalimu, alinionyesha benchi bila maneno mengi. Hilo lilinituliza. Mahali ambapo mzazi anaambiwa "mwache tu, njoo umchukue saa kumi na mbili", mimi mwanangu simwachi, awe na miaka mitano au kumi na mitano.

Baada ya kupasha mwili aliwapanga wawili wawili. Mmoja anatoa viganja, mwingine anapiga ngumi kwenye viganja hivyo. Ikitamkwa "hajime" wanaanza, ikitamkwa "yame" wanaacha. Nuru alipewa mvulana wa kama miaka minane. Yule mvulana, amri ilipotoka, ngumi yake ilikuwa tayari iko njiani. Ikakwama hewani, kiganja cha Nuru hakijaguswa, akairudisha kiunoni kama hakuna kilichotokea. Ikaja zamu ya bibi huyu wangu. "Yame!" Akapiga moja zaidi. Akapiga nyingine, anacheka, na ile ya mwisho ikakikosa kiganja ikamfikia mwenzake kidevuni. Mvulana hakulia wala hakurudisha. Alimtazama sensei tu.

Sensei hakumkaripia. Alimwita akae pembeni anywe maji, darasa likaendelea, na mwishoni akanifuata. "Mama Nuru, mtoto ana nguvu na hana woga. Nirudishie akishajua kuacha." Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema hilo hana kalenda yake. Amepokea wenye miaka mitano wakamfaa, na amemrudisha nyumbani wa miaka minane.

Njiani Baba Nuru alikuwa amenuna. Kwake ilikuwa tumekataliwa. Mimi nilikuwa nimepata jibu nililolitafuta muda wote ule, kwamba kumfundisha kupiga mtoto ambaye hajaweza kujizuia ni kumpa mtoto wa mwenzio hasara, na kwamba kujizuia huko hakuanzii dojo. Kunaanzia nyumbani, na hakuna ada.

Tulichofanya hakikuwa na ufundi wowote. Tulicheza sana simama-kaa, ile ya kila chekechea, ila mimi nikawa nabadilisha mwendo ghafla ili asiweze kubahatisha. Na tukaweka sheria ya "basi". Mtu yeyote humu ndani akisema "basi" katika mchezo, mikono inatoka palepale: ukiwa unatekenya, ukiwa unavutana mto, ukiwa unamkimbiza mdogo wako. Sheria ilihusu wakubwa pia, na nasema kweli, aliyesumbua zaidi hakuwa Nuru, ni baba yake. Yeye akishaanza kumtekenya mtoto anataka amalize. Siku Nuru alipomwambia, "Baba, nimesema basi, mbona huachi?", nikajua somo limeingia kwa mmoja wao.

Baadaye nikamwona uani na wenzake wakicheza rede kwa mpira wa soksi. Yeye ndiye alikuwa mrushaji, mkono umeshapanda, Idi mdogo wake yuko katikati. Idi akajikwaa akaanguka. Wenzake wanapiga kelele mpige, mpige, yuko chini! Nuru akashusha mkono, akasubiri ainuke, ndipo akarusha. Akamkosa, kwa taarifa yenu. Wiki ileile nikampigia sensei.

Akaanza rasmi akiwa na miaka saba, likizo ya Juni. Nguo sikununua dukani. Fundi wa mtaani alimshonea suti ya dril nyeupe kwa bei ya chini sana, nikamwomba aache pindo nene mikononi na miguuni la kukunjua kadiri anavyorefuka. Mtoto wa umri huu ukimnunulia ya kumtosha leo, mwakani ni kaptula.

Ni hapo nilipoelewa kwa nini miaka hii ya mwanzo wa shule ya msingi inawafaa wengi. Kata, yaani mfululizo wa miondoko ya kukariri, ya kwanza waliyoanza kufundishwa ni Gekisai Dai Ichi, na sensei alitueleza wazazi kwamba Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, aliitunga mwaka 1940 ili iwe nyepesi kwa wanafunzi kuishika. Kabla yake Anko Itosu alikwisha kuiingiza karate katika shule za Okinawa, Japani, mwanzoni mwa karne ya 20, akatunga kata za Pinan, zile ambazo watu wa mtindo wa Shotokan huziita Heian. Kwa hiyo kuna karate iliyokatwa kwa kipimo cha mwanafunzi wa shule. Lakini hata hiyo inadai mtoto ajue kushoto na kulia, akumbuke kinachofuata, na avumilie kurudia kitu kilekile. Nuru wa miaka minne asingeweza lolote kati ya hayo. Nuru wa saba aliweza, kwa kunung'unika.

Wiki za mwanzo hakukuwa na teke hata moja, na Baba Nuru alilalamika kwamba tunalipia mtoto kuanguka. Ndivyo ilivyokuwa: walifundishwa kuanguka chali, kidevu kimebanwa kifuani ili kisogo kisigonge, mikono ikipiga mkeka. Ingekuwa judo wangekaa hapo muda mrefu zaidi. Mimi niliona ndiyo hela iliyotumika vizuri kuliko zote.

Kuna mambo ambayo watoto hawaruhusiwi pale, na yalinifanya nimwamini mwalimu zaidi ya mikanda iliyopo ukutani. Hakuna pushapu za ngumi. Hakuna kupiga makiwara, ule ubao wa kuzoezea ngumi, wala kuvunja mbao. Hakuna kata ya Sanchin, yenye kukaza mwili na pumzi nzito. Hiyo anasema ni ya waliokomaa. Sababu yake ni kwamba karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna sehemu laini ambazo ndizo zinazorefusha mfupa, na zikiumia, mfupa unaweza kukua vibaya. Hazikomai mpaka ujanani. Mtoto wa miaka tisa mwenye sugu kwenye vifundo vya ngumi anaweza kumfurahisha baba yake, lakini ngumi hiyo ataihitaji kushikia kalamu miaka mingi ijayo.

Na kichwa hakiguswi. Wakipambana, ni kugusa kifua na tumbo kwa kipimo. Hapa ndipo tulipovutana kidogo nyumbani, kwa sababu Baba Nuru kakulia Manzese na damu yake ni ya ndondi. Aliona kugusagusa huko ni mzaha, bora avae kofia ya kinga apigane kweli. Nilimsomea msimamo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2016 kuhusu sanaa za mapigano: kofia hizo hazijathibitika kuzuia mtikisiko wa ubongo, na zinaweza kumpa mtoto ujasiri usio na msingi. Kuhusu ndondi ndiyo hawana hata mjadala. Mwaka 2011, wao na wenzao wa Kanada, walisema wazi kwamba wanapinga watoto kushiriki. Kanada hiyohiyo ya binamu, nikamkumbusha. Akanyamaza, si kwamba alikubali.

Mama mkwe hakujali umri wala kichwa. Swali lake lilikuwa moja: "Wanainama, wanamwinamia nani?" Si swali la kubeza, na najua familia zilizoacha kwa sababu hiyo. Nikalipeleka kwa sensei kama lilivyo. Akasema pale ni salamu ya kuheshimiana, na ukutani hakuna picha ya mtu. Lakini mtoto ambaye wazazi wake hawataki, anasimama wima, mkono kifuani, anaitikia kwa kichwa. Nuru anafanya hivyo, na wapo wengine wawili watatu. Hijabu yake ni ya kuvaa kichwani bila pini. Mama mkwe akaridhika, akabaki na neno la jike dume ambalo hulitoa akikosa la kusema.

Jambo ambalo wazazi wengi huniuliza ni kama sasa anaweza kujilinda. Hapana. Mtoto wa darasa la pili hamshindi mtu mzima, hata awe na mkanda wa rangi gani, na mwalimu anayekuahidi hivyo anakuuzia uongo wa hatari. Tulichomfundisha kuhusu hilo ni kilekile tungemfundisha bila karate: piga kelele, kimbia, mwambie mtu mzima unayemwamini, na siri ya kuambiwa usimwambie mama, mwambie mama.

Mashindano bado. Sensei hapeleki watoto wadogo kwenye mapambano. Huwapeleka kuonyesha kata tu. Nilihudhuria bonanza moja la vilabu, nikaona kwa nini. Watoto walikuwa wametulia, wazazi ndio waliokuwa wanatukanana na waamuzi. Wajapani wenyewe wameliona hili kwenye judo: mwaka 2022 shirikisho lao lilifuta mashindano ya kitaifa ya wanafunzi wa shule ya msingi, sababu ikiwa ni tamaa ya ushindi iliyopita kiasi, ikiwemo ya walimu na wazazi. Na kwenye karate ya dunia, ubingwa wa vijana unaanzia miaka 14. Mtu mwenye miaka minane ana muda.

Sasa ni zamu ya Idi, ana miaka mitano na nusu, na yeye kanivuruga hesabu zangu zote. "Basi" anaijua, kushoto na kulia anajua, kakulia ndani ya sheria ambazo dada yake alizikuta ukubwani. Sensei kamwona akasema huyu anaweza kuanza hata kesho. Tatizo ni kwamba darasa linaanza saa kumi na moja na nusu jioni, tukitoka hapo foleni ya Mwenge inatupokea, na mtoto huyu saa moja kamili amelala popote alipo, iwe kwenye bajaji au juu ya sahani ya ugali. Tumejaribu siku za shule, asubuhi haamki. Kwa hiyo tumekubaliana aje Jumamosi tu, darasa la saa tatu asubuhi, bila mtihani wala mkanda, mpaka aingie darasa la kwanza na usingizi wake utakapobadilika. Suti ya kwanza ya Nuru inamtosha kabisa, fundi ameirudisha pindo.