Anayeshindwa anakwenda wapi?

Ukikulia Kigoma, Kongo si nchi ya mbali. Siku isiyo na ukungu unaiona milima yake ng'ambo ya ziwa hata kabla hujanawa uso. Wazee wetu walikuwa wakisimulia jinsi Che Guevara, yule mwanamapinduzi wa Kuba, alivyovukia hapo mwaka 1965 kwenda kwa wapiganaji wa Laurent Kabila kule Fizi. Mimi nilikwenda mwaka 2006, kwa kuzungukia Bujumbura, nikiwa na begi la nguo na barua ya Umoja wa Mataifa inayosema ni mfanyakazi wa kujitolea wa uchaguzi, kituo cha kazi Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa hilohilo. Mjomba aliisoma ile barua mara mbili. "Wenzako wanakimbia huko wanakuja huku," akasema, "wewe unapishana nao." Hakukosea. Kambi zetu za wakimbizi za Nyarugusu na Lugufu zilikuwa bado zimejaa Wakongo.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa tarehe 30 Julai, wa kwanza wa vyama vingi nchini humo baada ya zaidi ya miaka 40. Watu zaidi ya milioni 25 walikuwa wamejiandikisha, na vituo vya kura vilikaribia 50,000, katika nchi ambayo barabara nyingi zimebaki kwenye ramani tu. Karatasi za kura zilichapwa Afrika Kusini, zikaja kwa ndege, kisha helikopta, malori, mitumbwi, baiskeli, na mwisho kabisa vichwani mwa watu. Wagombea urais walikuwa 33. Wa ubunge walizidi 9,000 kwa viti 500.

Uchaguzi ulikuwa mikononi mwa tume ya Wakongo wenyewe, chini ya Padri Apollinaire Malu Malu. Sisi wa kujitolea, chini ya MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo, kazi yetu ilikuwa kusukuma mzigo: kuhesabu vifaa ghalani, kupanga gari gani liende wapi, kuwasaidia wakufunzi, na siku ya kura kukaa pembeni. Karatasi ya kura hatukuruhusiwa kuigusa. Nyumbani wakiniuliza kama kweli nilisimamia uchaguzi wa Kongo, huwa nawaambia nilisimamia maboksi.

Siku ya kura nilipangiwa vituo vya barabara ya Uvira kuelekea Baraka, na jioni ikanikuta kwenye shule ya msingi ya kijiji kimoja kusini ya Mboko. Mwenyekiti wa kituo alikuwa mwalimu wa shule hiyohiyo, mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Aliwahi kuishi Lugufu miaka kadhaa, akarudi mwenyewe kwa mtumbwi kabla meli za kuwarudisha wakimbizi hazijaanza kwenda Baraka. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha kwetu kabisa, ila akigeukia watu wake kinabadilika palepale.

Watu walianza kupanga foleni usiku wa manane. Wengine walishuka milimani tangu jana yake, wamelala uwanjani na watoto, moto wa kuni umewashwa kwa sababu kiangazi cha kule kina baridi ya alfajiri. Kila mmoja alishika kadi yake ya kupigia kura kama hirizi. Wengi hawakuwahi kuwa na kitambulisho kingine chochote, na nadhani wapo waliojiandikisha kwa ajili ya ile picha na jina kuliko kura yenyewe. Mama mmoja alitoka kwenye kibanda cha kura, akainua kidole chenye wino, akapiga kigelegele, na foleni nzima ikamjibu. Mwalimu akamwomba atulie, huku mwenyewe anacheka.

Saa kumi na moja jioni milango ikafungwa. Basi hapo ndipo kazi ilipoanza. Mwalimu aliandika majina yote 33 ubaoni, safu mbili, herufi ndogondogo, na bado ubao ulimbana. Kila karatasi ilifunguliwa, ikainuliwa juu mashahidi wa vyama waione, jina likasomwa kwa sauti, mstari ukachorwa kwa chaki. Taa ya betri ilififia. Kijijini wakaleta chemli mbili. Mistari ya Joseph Kabila, mtoto wa Laurent na rais aliyekuwa madarakani, ilijaa mpaka ikaanza kuvamia nafasi ya jirani yake, jambo ambalo halikumshangaza mtu upande ule wa nchi.

Mwishoni hesabu ikakataa. Waliosaini daftari walizidi karatasi kwa moja. Mashahidi walishachoka, mmoja akasema kura moja itamdhuru nani. Mwalimu hakumjibu hata. Alifuta ubao wote, akaanza upya. Kura iliyopotea ilipatikana imegandana na mwenzake kwa wino, na wakati huo majogoo walikuwa karibu kuwika.

Tulikuwa tumekaa barazani tukisubiri fomu zijazwe wakati aliponiuliza.

"Dada, huyu Mkapa wenu, alipomwachia Kikwete, alikwenda wapi?"

"Yupo tu nyumbani."

"Na yule wa upinzani aliyeshindwa?"

"Lipumba? Yupo, na chama chake."

"Ana askari?"

"Hana."

"Basi yenu rahisi," akasema. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Lumumba waliuua. Kasa-Vubu alipinduliwa. Mobutu kafia Moroko. Mzee Kabila kapigwa risasi ndani ya Ikulu. "Sasa hawa wawili wakubwa, Kabila mtoto na Bemba, kila mmoja ana jeshi lake Kinshasa. Kupiga kura tumejua. Anayeshindwa anakwenda wapi?"

Nilitaka kumwambia kwetu nako si rahisi hivyo, maana nilikumbuka Pemba, Januari 2001, watu walivyopigwa risasi na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Sikumwambia. Nilimpa jibu la mafunzo, ambalo lilikuwa jibu sahihi: mwenye malalamiko anakwenda Mahakama Kuu ya nchi. Akaitikia kwa adabu, kama mwalimu anavyomwitikia mwanafunzi aliyekariri vizuri. Kulipopambazuka akabandika matokeo mlangoni, na wanaume wa kijiji wakaja na madaftari kuyanakili.

Tarehe 20 Agosti matokeo ya nchi yakatangazwa: Kabila asilimia 44 na kitu, Jean-Pierre Bemba, makamu wa rais aliyewahi kuongoza waasi, 20. Hakuna aliyepita nusu, kwa hiyo duru ya pili. Usiku huohuo askari wa pande mbili wakaanza kupigana Kinshasa. Kesho yake nyumba ya Bemba ikashambuliwa akiwa ndani na mabalozi, pamoja na mkuu wa MONUC mwenyewe. Sisi Uvira tulikuwa tumeizunguka redio, tunasikiliza Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa, simu hazipatikani, kila mtu kakunja mikono. Duru ya pili ikafanyika tarehe 29 Oktoba hata hivyo. Kabila akapata asilimia 58. Bemba akakataa matokeo na, nikiri nilifurahi, akaenda mahakamani.

Tarehe 21 Novemba, kesi ikiendelea, vurugu zikazuka nje na jengo la Mahakama Kuu likateketea. Majaji walihamia kwingine, wakaitupa kesi, na Kabila akaapishwa Desemba. Bemba alisema atakuwa mpinzani wa kawaida, akaingia Seneti. Machi 2007 walinzi wake na jeshi la serikali wakapigana tena Kinshasa, watu wengi sana wakafa, naye akajificha ubalozi wa Afrika Kusini.

Mimi nilikuwa nimesharudi Kigoma. Siku moja mwezi wa nne mwalimu akatokea, amevuka kuja kuwaona ndugu waliobaki kambini. Nilimpikia migebuka. Hatujamaliza kula akauliza habari za Bemba, nikamwambia ameondoka na ndege, yuko Ureno.

"Ureno? Kufanya nini?"

"Wanasema matibabu. Ana mguu uliovunjika."

Akaacha kutafuna. "Mguu?"

"Mguu."

"Angekuja Mboko," akasema, akichambua mwiba. "Tuna mzee pale anaunga mifupa, wala hatozi ghali."