Nilivaa kimono ya msibani kwenye sendofu

Kabla hamjanicheka naomba mjue kwamba nilipendeza, hilo hata walionicheka walikubali.

Ilikuwa hivi. Hapa Mwanza, pale Mlango Mmoja, kuna kaka wa mtumba huwa ananitumia meseji akitaka kufungua belo, basi siku hiyo nikadamka, nikafika bado anakata kamba. Belo la nguo za kulalia na majoho ya kuogea, takataka nyingi, ila katikati ikatoka nguo nyeusi ndefu, nzito, ukiishika ya baridi, mikono mipana kama mifuko, na ina alama tano ndogo nyeupe za duara: moja mgongoni chini ya shingo, mbili nyuma ya mikono, mbili kifuani. "Hariri hiyo dada, elfu kumi na tano." Nikamwachia kumi na mbili nikaondoka haraka asije akabadili mawazo.

Nyumbani nikaikagua vizuri. Kwapani kuna tundu huku na huku, yaani mkono umeshikwa juu begani tu, chini uko wazi kabisa. Na kwenye kingo kuna uzi mweupe wa mishono mirefu ya kulegea, kama fundi alipiga bandi halafu akasahau kumalizia. Nikasema sawa, ndo mtumba huo. Nikampelekea fundi wangu wa Makoroboi, akatoa bandi, akaziba matundu, elfu mbili.

Jumamosi nikaenda nayo kwenye sendofu ya rafiki yangu huko Kirumba, nimeivaa kama koti juu ya gauni, mkanda mwekundu kiunoni, upande wa kulia nimeulaza juu ya wa kushoto kama blauzi yoyote ya kike inavyofungwa. Picha nikatupia status. Sasa mdogo wangu anachati na dada mmoja wa Kijapani aliyewahi kujitolea huku kwetu, akamtumia picha kwa mbwembwe, ona dada yangu kavaa nguo ya kwenu. Yule dada akajibu kwanza nimependeza sana. Halafu kimya. Halafu ikaja meseji ndefuuu.

Kumbe ile ni kimono, joho la asili la Kijapani, na nyeusi tupu yenye nembo tano za ukoo bila ua lolote inaitwa mofuku, ni ya msibani. Na Wajapani wote, mwanamke kwa mwanaume, upande wa kushoto ndo unakaa juu, ukilaza wa kulia juu hivyo ndivyo anavyovalishwa maiti. Kwa hiyo mimi nilikuwa mfiwa na marehemu kwa wakati mmoja, kwenye sendofu ya watu, na nikafungua muziki.

Mama nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ni sawa na mtu aje harusini kajifunga kitenge kiunoni na kingine kichwani, kila mtu atauliza nani kafa.

Basi ndo nikaanza kusoma, usiku kwa usiku, bando zimeniisha. Kitu cha kwanza, kimono maana yake ni kitu cha kuvaa tu (ingekuwa ya kwetu tungesema vimono), na zote karibu mkato ni ule ule, kitambaa chembamba cha kama sentimita 36 hivi, urefu kama mita 12, kinakatwa vipande vya kunyooka basi. Umbo halikwambii kitu. Kinachoongea ni mikono, maua, na nembo.

Ya mabinti ambao hawajaolewa ni furisode, mikono yake inaning'inia mpaka kwenye vifundo vya miguu, mingine inapita mita moja. Wanaivaa sana Jumatatu ya pili ya Januari, sikukuu ya kuingia utu uzima, wakifikisha miaka 20. Sheria siku hizi inasema utu uzima ni 18, tangu Aprili 2022, lakini miji mingi sherehe imebaki na wale wa 20. Ukiolewa mikono inafupishwa, unahamia tomesode. Na hapa ndo nilipochanganyikiwa, kwa sababu tomesode ya heshima kabisa nayo ni nyeusi! Nayo ina nembo tano zile zile! Wanaivaa mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi. Tofauti yake na ya kwangu ni pindo, kuanzia chini ya kiuno kuna korongo wanaruka, feni, dhahabu dhahabu. Yaani kati ya mama mkwe na mfiwa ni pindo tu, na mimi pindo langu lilikuwa jeusi ti.

Bibi harusi wa kimila anavaa nyeupe juu mpaka chini, shiromuku. Mgeni mwalikwa kama mimi ningetakiwa kuvaa homongi, inavaliwa na aliyeolewa na asiyeolewa, ua lake linapita juu ya mishono bila kukatika kama mtu kalichora nguo ikiwa imeshashonwa. Komon ni ya matembezi, ua dogo linajirudia nguo nzima. Iliyonishangaza ni tsumugi, ya hariri ambayo uzi unatiwa rangi kabla ya kufumwa, kuna ya kisiwa cha Amami uzi wake unatiwa rangi kwa maji ya mti na matope ya shambani, miezi na miezi ya kazi, bei haishikiki, halafu harusini huendi nayo, inahesabiwa nguo ya kawaida. Hapo sikuwaelewa na sitawaelewa.

Halafu wana misimu. Yenye bitana Oktoba mpaka Mei, isiyo na bitana Juni na Septemba, nyepesi ya kuonyesha ni Julai na Agosti. Kwa joto la Mwanza hili sisi tungevaa ya Juni mwaka mzima. Ninayoitamani sasa ni yukata, pamba tupu, zamani ilikuwa nguo ya kutokea bafuni, leo wanaivaa jioni za kiangazi wakienda kuangalia fataki, ndala za mbao, miguu mitupu. Hiyo na kaupepo ka ziwa pale Capripoint, niacheni.

Wanaume wao hawana mambo mengi, ila kwapa zao zimeshonwa. Tundu la kwapani ni la wanawake, mkanda wao ni mpana unakaa juu, bila lile tundu mkono haunyanyuki vizuri wala huwezi kuingiza mkono ukaweka nguo sawa. Na ule uzi mweupe ni dalili kwamba nguo haijawahi kuvaliwa hata siku moja! Nilinunua mpya kwa elfu kumi na mbili nikalipa elfu mbili kuiharibu.

Nimerudi kwa fundi. "Nifumue tena? Si ulisema imetoboka?" Elfu tatu, eti kufumua hariri kunataka macho.

Rafiki yangu sijamwambia. Albamu imeshatoka, nipo pembeni ya keki, kulia juu ya kushoto, meno yote thelathini na mbili nje.