Dirisha langu linatazama machimbo

Mwaka wa tatu sasa naishi mtaa uliozunguka machimbo ya mawe ya zamani, siku hizi bustani ya wote. Pampu zilizokuwa zikitoa maji shimoni zilipozimwa, maji ya ardhini yalipanda taratibu, shimo likawa ziwa.

Jana jioni nilipapasa ukuta wa mwamba. Alama za matundu ya baruti bado zipo, zimenyooka toka juu hadi chini, kidole gumba kinaingia. Ndani ya tundu moja mche umeota, mizizi imeng'ang'ania vumbi tu! Nilisimama pale hadi giza likaingia. Naupenda mtaa huu.

Ila majirani, watoto wasiogelee, tafadhali. Ukingoni kina kinashuka ghafla, na maji ya chini ni baridi mno. Ule uzio tusiukate kutafuta njia ya mkato.